Namba 137 Haifunguki

Kijiji cha Tlawi,
Mbulu, Manyara.
18 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Hermani,

Shikamoo mjomba. Habari za huko Mbinga, na habari za mguu? Mama Angela hajambo? Kahawa mmemaliza kuchuma, au bado mnahangaika na vibarua? Mama anasema yeye ni dada yako mkubwa, kwa hiyo anangoja shikamoo yake tangu Pasaka, na anauliza kama huko ukweni ulikohamia watu hawaamkii wakubwa.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Upepo wa mwezi huu umekausha kila kitu mpaka mabua. Mama yuko uani anakata mashina ya vitunguu saumu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono iliyopigwa picha. Mimi na wewe tukiongea kwa simu unaiweka kwenye sikio bovu, halafu unalaumu mtandao, na jambo hili nataka ulipate lote kwa mpangilio wake. Dada Angela akishakufungulia kwenye simu yake, nakuomba usiseme utasoma kesho. Soma leo, mpaka mwisho. Ninaogopa, mjomba. Samahani kwa mwandiko.

Unaikumbuka ile blogu yangu ya "Nani Amemwona", uliyoicheka ukasema mbiu ya mgambo imefungiwa umeme. Nikitoka kwenye ukarani wangu wa shule, naandika humo watu waliopotea, mifugo iliyopotea, na vyeti vilivyoachwa kwenye mabasi. Parokia ilinipa kompyuta yao ya zamani, na bando najinunulia mwenyewe. Huu ni mwaka wa tatu sasa.

Tangu mwanzo kila tangazo lilikuwa na anwani yake ya mtandao iliyoishia na namba. La kwanza 1, la pili 2, hivyo hivyo. Watu wa huku walizipenda namba hizo. Mtu anaiandika kwenye karatasi au kwenye kiganja, akifika penye simu anasema, "Nifungulie 84." Hakuna cha kusoma sana wala cha kukosea.

Mwezi wa nane nilikwenda semina Babati. Mwalimu wetu alikuwa kijana mmoja anaitwa Abel, fundi wa tovuti, mtu mpole mwenye subira ya kufundisha mawe. Akatuambia anwani yenye namba tupu haimwambii mtu chochote, wala Google haijui ndani yake kuna nini. Weka maneno ambayo mtafutaji mwenyewe angeyaandika. Jina la mtu, jina la mahali, basi. Herufi ndogo, kistari kati ya neno na neno, na vijineno kama "wa" na "ya" vitupe. Tangazo la cheti cha fulani, anwani yake itaje cheti na itaje huyo fulani.

Alisema kweli, na ndiyo inayoniuma. Nilipobadilisha, wiki haikuisha mtu wa Dodoma akapiga simu. Alikuwa ameandika jina lake kwenye simu kwa kujifurahisha tu, akakiona cheti chake cha kidato cha nne kimekaa kwangu miaka miwili. Nilitamba, mjomba. Nilisimama mbele ya jumuiya nikaeleza mambo ya anwani kama vile mimi ndiye niliyeyabuni.

Lakini Abel alisema na neno jingine. Alisema anwani ya zamani usiiache yatima. Kwanza ielekeze kwenye ile mpya, ili mtu akifika na ya zamani apelekwe penyewe, ndipo ubadilishe. Niliandika kwenye daftari na nikapiga mstari chini yake. Kisha Jumamosi ya tarehe 23 nilikuwa na nusu saa kabla ya kwenda jumuiya, na ndani ya mitambo ya blogu kuna kitufe kimoja tu cha kubadilisha zote. Nikakibonyeza. Matangazo 212 yakageuka kutoka namba kuwa majina. Kazi ya kuelekeza nikaiweka wiki ijayo. Nilijisemea, nani atakayehangaika na namba wakati kila mtu analijua jina la ndugu yake?

Sasa sikiliza nilichokisahau.

Mwezi wa saba alikuja mama mmoja wa Kibarabaig kutoka Gehandu, alitembea na kupanda bodaboda mpaka akanifikia. Anaitwa Marieta, hilo ni jina la ubatizo. Baba mkwe wake alikuwa ametoka bomani asubuhi na fimbo yake, na hakurudi. Mzee huyo kumbukumbu zilianza kumtoka zamani kidogo. Mume wa Marieta na ndugu zake walimtafuta porini kwa siku tisa.

Nikamuuliza mzee anaitwa nani. Hakujibu. Nikauliza tena, akafungua kitambaa akatoa kadi ya mpiga kura, akaiweka mezani mbele yangu. Nikasoma kwa sauti, Gidahosh, na ukoo wake. Yule mama aligeuza uso akatazama mlangoni, shuka akaivuta mpaka mdomoni. Mimi nikadhani ni uchungu. Nikaandika tangazo, nikabandika picha, nikampa karatasi yenye namba 137.

Wewe uliyekaa nao umeshaelewa, mjomba. Mimi nilielewa juzi tu, mama aliponiambia huku akikata vitunguu bila hata kuinua kichwa. Mke aliyeolewa kwa Wabarabaig halitamki jina la baba wa mumewe. Hata neno linalofanana nalo analikwepa, anatafuta neno jingine. Nimelisikia jambo hili tangu utoto, nimesoma na wasichana wa kwao bweni moja, na bado nilipokaa mbele ya kompyuta liliniponyoka. Nilidhani kila mtu anayempenda mtu anaweza kulitaja jina lake.

Kuna baya zaidi. Marieta alipokuwa anaondoka aliniuliza kama tangazo litakaa siku nyingi au litachoka. Nikataka kumpa moyo. Nikamwambia, "Mama, litakaa tu. Mimi huwa nafuta tangazo siku tunapozika. Ukilikuta lipo, jua bado tunatafuta au tumeshampata." Maneno hayo yametoka kinywani mwangu. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Tarehe 28 mwezi wa nane, siku tano baada ya mimi kubonyeza kile kitufe, akina mama waliokwenda kuni huku Tlawi walimkuta mzee amekaa kwenye mzizi, amekonda, fimbo ipo mkononi. Sijui aliipandaje milima hii. Tulimpeleka Endagikot kwa Mama Lucia, yule mjane wa parokia anayepokea wagonjwa. Siku hiyo hiyo niliandika kwenye tangazo lake kwa herufi kubwa: AMEPATIKANA, YUKO HAI. Nikarudi nyumbani nikiimba. Simu hakuniachia, lakini nilijua mnada wao wa kila mwezi ukifika Marieta atafungua 137 na atakuja mbio.

Mnada ulikuwa Jumamosi ya tarehe 6. Hakuja mtu. Jumapili hakuja, na wiki nzima ikapita. Nikaanza kuwalaumu moyoni. Nikasema labda wamemchoka mzee wao. Mungu anisamehe kwa hilo.

Jumatatu hii nilimpigia Abel kuhusu jambo jingine kabisa, picha zilizokuwa hazipandi. Akaingia kwenye blogu akiwa kwake Babati, akaniambia, "Dada Restituta, mbona hukuelekeza anwani za zamani? Kuna watu wanazigonga." Akanionyesha mahali panapoandikwa anwani zilizoombwa zikakosekana. Sikuwahi kujua kama pana orodha ya namna hiyo. Juu kabisa ilikuwa 137. Imeombwa mara kumi na moja, zote mchana mmoja, tarehe 6 Septemba.

Mara kumi na moja, mjomba.

Jumatano, yaani jana, nilimtuma Basili, mtoto wa jirani yetu mwenye pikipiki, aende Gehandu. Si kijana wa maneno mengi, lakini jana aliporudi alikaa jikoni akaeleza yote bila kuulizwa. Mnadani kuna mzee anaitwa Hhando, anachaji simu za watu kwa sola na kuwafungulia mambo ya mtandao. Alimkumbuka Marieta vizuri.

"Alinipa karatasi," Hhando alimwambia Basili. "Nikaingiza namba, simu ikasema ukurasa haupo. Nikamwambia mama, nitajie jina basi, nitafute kwa jina, siku hizi ndiyo rahisi. Akasema kadi yenye jina imebaki bomani. Nikasema bila jina mimi nitafanyaje? Akasema, rudia namba. Nikarudia. Akasema, rudia. Watu wa chaji wananisubiri, yeye anasema rudia. Mwisho akaniuliza, haipo kabisa? Nami nikamwambia imefutwa hiyo, mama."

Imefutwa. Hhando hana kosa, hilo ndilo neno ambalo mtu yeyote angelisema. Anasema Marieta aliikunja karatasi, akaacha hata chumvi aliyokuwa amenunua, akaondoka.

Basili akaenda mpaka bomani kwao. Boma tupu, zizi halina hata kinyesi kibichi. Bibi mmoja wa boma la jirani ndiye aliyemwambia kwamba mzee wa pale alitangazwa kufa, kwamba watu walikusanyika wakalia siku kadhaa, na kwamba walipomaliza walihama na mifugo kwa sababu majani yamekwisha. Basili akamwambia, bibi, mzee huyo yuko hai, yuko Endagikot. Bibi akamtazama, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mjomba, wamemlilia mtu aliye hai kwa sababu ya kitufe changu. Mtu aliyekwisha kuliliwa akirudi, kwao wanampokeaje? Sijui. Namwogopa mume wa Marieta, na ninamwogopa zaidi Marieta mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Walimwuliza una hakika? Akasema nini? Ataniangaliaje siku atakapojua? Na kuna namba nyingine nane kwenye ile orodha. Nimezifuatilia saba, ni mambo ya vyeti na ng'ombe. Ya nane ni tangazo la mtoto wa kike aliyekwisha rudi kwao zamani, na sijui ni nani aliyekuwa anamtafuta tena.

Nimefanya ninachoweza. Juzi nilikesha na kazi ile niliyoiahirisha, namba moja moja, na sasa zote 212 zinaelekezwa kwenye anwani zake mpya. Ukifungua 137 leo unafika. Tena nimeondoa jina la mzee kutoka kichwa cha tangazo. Nimeweka picha tu, na chini yake: "Mama uliyekuja na karatasi, baba mkwe wako yuko hai, yuko Endagikot kwa Mama Lucia." Abel alilalamika, akasema nikiondoa jina pale juu nitapunguza watu wanaomtafuta. Nikamjibu kwa hasira ambayo hakustahili, "Watu gani? Anayemtafuta ni mmoja, naye hawezi kulitaja." Akasema nifanye ninavyoona. Jina tumeliacha kwenye anwani, ambako hakuna wa kulisoma kwa sauti.

Lakini haya yote ni ya mtu atakayefungua tena, na Marieta hatafungua tena. Nani anarudi kutafuta mtu ambaye ameshamlilia? Ile karatasi huenda ameshaitupa. Mnada mwingine ni mwezi ujao.

Na mzee hana mwezi. Jumapili iliyopita kifua kilimbana, tukamwita mganga wa zahanati. Ni nimonia, na mapafu yenyewe yalikuwa yamechoka. Amempa dawa, akamwambia Mama Lucia pembeni kwamba kama ana ndugu, waitwe wiki hii. Anakula vijiko viwili vya uji anageuza kichwa. Mama Lucia anamtia maziwa kwenye kikombe, yeye anakitazama kikombe kama kitu cha kuchekesha, anaonyesha kwa mikono umbo la kibuyu. Tumetafuta kibuyu, tumepata. Sasa anakunywa kidogo.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mama ndiye aliyenikumbusha juzi kwamba ulipokuwa bwana mifugo Gehandu uliwachanja ng'ombe wa boma hilo miaka mingi, na kwamba Gidahosh huyu ndiye aliyekufukuza kwa fimbo ulipofika na sindano mara ya kwanza, halafu mwaka uliofuata akakuchinjia mbuzi. Laiti ningekuuliza mwezi wa saba. Sikujua kama unamfahamu, na wewe hutumii mtandao, basi tukapishana hivyo.

Majirani kila mmoja ana lake. Mmoja anasema wameelekea Basotu, mwingine anasema wamevuka upande wa Singida, mwingine anasema wana ndugu mpaka Igunga. Mwanawe alikuwa na simu, haipatikani. Basili yuko tayari, pikipiki imejazwa mafuta, lakini nchi ni kubwa na hawezi kwenda pande tatu. Wewe uliwafuata na chanjo kiangazi baada ya kiangazi. Unajua majani yakiisha Gehandu watu wa boma lile walikuwa wanakwenda wapi, wanakunywesha mifugo wapi, na nani ni shemeji yao huko. Kama kuna mzee wa kwao anayekukumbuka, nitajie jina lake pia, ili Basili akifika asionekane ni mtu wa kuleta mkosi. Mwambie Angela anijibu kwa ujumbe mfupi, maneno mawili yanatosha. Simu yangu siizimi.

Na kama unajua neno la kumwambia Marieta, nifundishe. Nimejaribu kutunga, kila nikianza nakwama kwenye "nisamehe".

Msalimie sana Mama Angela, na dada Angela ambaye macho yake yameumia kukusomea mwandiko huu. Wasalimie Maximilian na mkewe, na umbusu mtoto wao ambaye sijamwona. Mama anakusalimu, pamoja na maneno yake yote ya shikamoo. Fransiska wa nyumba ya juu anasema ile mbegu ya maharage uliyomwachia imeota vizuri. Mungu awalinde huko, awape mvua kwa wakati wake, na mguu wako aupe nguvu.

Nisikufiche neno la mwisho. Asubuhi hii nilipita Endagikot kabla ya kazi. Mzee alikuwa ameamka na akili yake ilikuwa imetulia kuliko siku zote. Alinishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Mke wa mtoto wangu anakuja?" Nikamwambia anakuja, yuko njiani, amekaribia kufika. Akatabasamu, akamwambia Mama Lucia amkalishe vizuri aangalie mlango. Mpaka natoka alikuwa ameketi hivyo, na Mama Lucia amenipigia saa sita kwamba bado ameketi, hataki kulala asije akapitwa.

Nimemdanganya, mjomba. Niambie Marieta yuko wapi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, ninayeikodolea simu macho,

Restituta